Mwalimu hajahama, lakini ana moyo wa kazi?

Maafisa elimu huniuliza sana: tufanye nini walimu wasihame? Mimi ni mwanasaikolojia wa elimu, kazi yangu iko zaidi kwenye shule za msingi za vijijini Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, na swali hilo naona halitoshi. Mwalimu anaweza kukaa kituo kimoja miaka nenda miaka rudi, naye kazi alishaiacha moyoni.

Mwaka 1991 wanasaikolojia John Meyer na Natalie Allen walieleza kwamba mtu hubaki kazini kwa kuipenda, kwa kuona ni wajibu wake, au kwa sababu kuondoka kutamgharimu. Hao wa kundi la tatu nawakuta kila mahali. Mkopo unakatwa kwenye mshahara, ajira nyingine haipo. Anasaini daftari la mahudhurio, anaandika andalio la somo, basi.

Je, wenzake wanaweza kumsaidia? Wanaweza, ila inategemea msaada gani. Kufarijiana tunakujua: ukifiwa, walimu watachanga na kukusindikiza hadi kwenu. Lakini mwalimu mpya aliyeripoti shule isiyo na nyumba ya walimu, akapewa darasa linalopita mbali ule uwiano unaotakiwa wa wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, huambiwa tu, "Vumilia, sote tumepita huko." Pole haipunguzi vipindi. Huyu anahitaji mwenyeji wa kumtafutia chumba, na mwalimu mkuu aliye tayari kupanga ratiba upya.

Namna ya kukabili msongo nayo ina sehemu yake. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman (1984) walitofautisha kulishughulikia tatizo lenyewe na kutuliza hisia. Wengi husifia njia ya kwanza peke yake. Mimi sikubaliani nao. Kuchelewa kupandishwa daraja hakumo mikononi mwa mwalimu, kwa hiyo kwaya au mpira wa jioni si kukimbia tatizo.

Kinachonitisha ni mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Mwalimu anaziba pengo la mwezi, kadi yake ya benki inabaki kwa mkopeshaji, riba inapanda. Kisha anaona aibu. Anaacha kunywa chai na wenzake, hachangii tena msiba, anakwepa kikoba. Yaani deni linamtenga na watu walewale ambao wangemsaidia kulibeba, na hapo utoro wa vipindi huanza.

Kwa hiyo nikiitwa shuleni, semina ya kuhamasishana huwa siifanyi kwanza. Nakaa na mwalimu mkuu, namwomba ratiba, tunahesabu nani ana vipindi vingapi, halafu namuuliza ni nani siku hizi haonekani kwenye chai.