Kabla Mji Haujakwenda Olympia: Vipaumbele vya Bungeni Hupangwaje

Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, halmashauri ya mji haina uwezo wa kuweka kikomo cha pango la nyumba, kwa sababu sheria ya jimbo ya mwaka 1981 iliifungia mlango huo. Haiwezi kutoza kodi ya mapato, haiwezi kutunga kanuni za bunduki kali kuliko zile za jimbo, na tangu wapiga kura walipoidhinisha hoja ya mwaka 2018, haiwezi kuanzisha kodi mpya ya vyakula na vinywaji vya dukani. Diwani anayeahidi mambo hayo wakati wa kampeni anaahidi kitu kilicho mikononi mwa watu wengine, yaani maseneta 49 na wawakilishi 98 wanaokutana kila Januari mjini Olympia, makao makuu ya jimbo. Kwa hiyo miji mingi huajiri wakala wa kwenda kuzungumza na wabunge hao kwa niaba yake, na kabla wakala hajaanza kazi, madiwani hulazimika kukubaliana atakwenda kusema nini. Nimefanya kazi ya kuandaa makubaliano hayo kwa miaka mingi, na ninataka kueleza yanavyofikiwa, kwa kuwa wakazi wengi huja kuyajua yakiwa yamekwisha kupitishwa.

Msingi wa jambo lote ni wa kisheria. Katiba ya Marekani haiitaji miji popote. Mwaka 1868 Jaji John F. Dillon wa Iowa aliweka kanuni kwamba mji una mamlaka yale tu ambayo jimbo limeupa, na mwaka 1907, katika shauri lililohusu Pittsburgh, Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha kuwa jimbo linaweza kuupunguza mji, kuuunganisha na mwingine au kuufuta, wakazi wake wapende wasipende. Msomaji wa Kenya, ambako kaunti 47 zimetajwa kwa majina katika katiba ya 2010 na kutengewa sehemu ya mapato ya taifa, ataona mara moja jinsi mji wa Marekani ulivyo mnyonge ukilinganishwa nazo. Katiba ya Washington inairuhusu miji kutunga kanuni za kwake mradi zisipingane na sheria za jimbo, lakini sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana sheria za jimbo hubadilika kila mwaka, na kila zinapobadilika mipaka ya mji huhama nazo.

Hati inayopitishwa na halmashauri huitwa ajenda ya kisheria, na watu wengi huisoma kama orodha ya matakwa. Mimi huwaambia madiwani waisome kama hati ya idhini. Bunge la Washington hukaa siku 105 katika miaka isiyogawanyika kwa mbili na siku 60 katika ile inayogawanyika, na katika muda huo mfupi hupokea miswada zaidi ya 1000. Kamati inaweza kutangaza Alhamisi kwamba itasikiliza maoni kuhusu muswada fulani Jumanne inayofuata asubuhi, ilhali halmashauri ya mji mdogo hukutana mara mbili tu kwa mwezi. Wakala hawezi kusubiri kikao. Akiwa na ajenda iliyopitishwa kwa azimio mwezi Oktoba au Novemba, anaweza kusimama mbele ya kamati na kusema kwa uhakika kuwa mji unaunga mkono au unapinga. Asipokuwa nayo, atanyamaza au atasema maoni yake mwenyewe akiyapa jina la mji, na hilo la pili ni hatari zaidi, kwa sababu diwani mmoja akijitokeza kesho yake na kumkana, mbunge hatamwamini tena msimu mzima.

Kwa kuwa ni idhini, hati nzuri huwa na tabaka tatu zenye nguvu tofauti. Juu kabisa huwa na vipaumbele vichache, ambavyo mji utavitafutia mbunge wa kuviwasilisha, utaviandikia takwimu na utamtuma meya mwenyewe kwenda kuvisemea. Chini yake huwa na mambo ambayo mji utayaunga mkono au kuyapinga iwapo wengine watayaleta. Chini zaidi huwa na misingi ya sera, yaani sentensi pana kama ile ya kupinga jimbo kuikabidhi miji majukumu mapya bila fedha, ambazo humsaidia wakala kujua msimamo wa mji kuhusu muswada ambao hakuna aliyeutarajia. Ugomvi karibu wote hutokea kwenye tabaka la juu, na ni haki utokee hapo. Nimeona ajenda zenye vipaumbele 15, na nimeona mbunge akizipokea, akazifungua na kuuliza, "Katika haya yote, mnataka nini hasa?" Mshika mbili moja humponyoka, sembuse aliyeshika 15. Ushauri wangu umekuwa vinne, au vitano iwapo kimoja ni ombi la fedha za mradi.

Kazi ya kukusanya huanza majira ya kiangazi, Juni au Julai, kwa kuziuliza idara za mji zinakwamishwa na nini. Idara ya polisi hutaja uhaba wa askari, ile ya ujenzi hutaja daraja linalochakaa, wanasheria hutaja hukumu mpya. Majibu huwa mengi, na chujio la kwanza ni swali rahisi: je, ni Bunge pekee linaloweza kulitatua jambo hili? Maombi mengi sana huangukia hapo. Idara inaomba sheria wakati inachohitaji ni kanuni kutoka wizara ya jimbo, au makubaliano na kaunti, au uamuzi ambao halmashauri yenyewe ingeweza kuuchukua Jumatatu ijayo ikiwa na ujasiri.

Mfano wa jambo lililopita chujio hilo bila shaka ni gharama za mawakili wa utetezi. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Washington ilitangaza viwango vipya kwa mawakili wanaowatetea washtakiwa wasio na uwezo wa kulipa: wakili mmoja asibebe zaidi ya kesi 47 za makosa makubwa au 120 za makosa madogo kwa mwaka, ilhali kiwango cha awali kiliruhusu makosa madogo hadi 400. Viwango hivyo vilianza kutumika Januari 2026, na miji na kaunti zimepewa hadi miaka 10 kuvifikia. Ninaamini mahakama ilikuwa sahihi, kwa kuwa mtu anayetetewa na wakili mwenye kesi 400 hatetewi. Hata hivyo kesi za makosa madogo yanayotendeka mjini hulipiwa na mji, jimbo huchangia sehemu ndogo mno, na hakuna idara ya mji, wala diwani, wala mpiga kura wa mji huo anayeweza kubadili mgawanyo huo. Ni Bunge tu. Mji unaoliacha nje jambo hili ili kupata nafasi ya jambo jepesi na la kupendeza hautakuwa umefikiria bajeti yake ya miaka 5 ijayo.

Chujio la pili ni la nani aubebe mzigo. Washington ina chama cha miji, Association of Washington Cities, chenye wanachama 281, yaani miji yote ya jimbo, nacho huandaa vipaumbele vyake kwa kamati ya viongozi wa miji mikubwa na midogo. Jambo linaloigusa miji yote ni vema likabebwa na chama, na mji mmoja mmoja ukaongeza sauti yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa fedha za polisi. Washington ilikuwa ikitajwa mwaka baada ya mwaka kuwa ya mwisho nchini kwa idadi ya askari kwa kila wakazi 1000, miji ikaomba kwa misimu kadhaa, na mwaka 2025 Bunge likapitisha ruzuku ya dola milioni 100 pamoja na ruhusa ya kuongeza kodi ya mauzo kwa asilimia 0.1 kwa ajili ya usalama. Hakuna mji ambao ungelipata hilo peke yake. Kinyume chake, daraja la mji wako halitasemewa na mtu mwingine, na ndiyo maana huwashauri madiwani waache angalau nafasi moja ya juu kwa jambo ambalo ni lao tu.

Swali gumu kuliko yote, na ambalo sijawahi kuona likijibiwa bila mabishano, ni la ombi linaloshindwa kila mwaka. Mwaka 2001 wapiga kura wa Washington walipitisha hoja inayozuia mapato ya kodi ya ardhi na majengo kuongezeka zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila kura ya wananchi, ukiacha yatokanayo na majengo mapya. Mahakama iliibatilisha mwaka 2007, na Bunge likairejesha mwezi huohuo. Hesabu yake ni hii: mji unaokusanya dola milioni 10 unaweza kuongeza dola 100,000 tu, hata katika mwaka kama 2022 ambapo mfumuko wa bei nchini ulikaribia asilimia 8, na kuendelea kutoa huduma zilezile kungehitaji dola 800,000 za ziada. Kila mwaka miji huomba kikomo hicho kilegezwe. Mwaka 2025 wabunge walifikiria kukipandisha hadi asilimia 3, kisha wakaliondoa pendekezo hilo kabla ya kikao kwisha. Wapo madiwani wanaosema tuliondoe ombi hili kwa kuwa linakula nafasi. Sikubaliani nao. Mbunge anayesikia jambo mara moja hulisahau, na mwaka ambao bajeti ya jimbo yenyewe itabana, hoja iliyokwisha kueleweka ndiyo itakayokuwa tayari mezani. Ninachokubali ni kwamba mji usipoteze siku za meya juu yake katika kikao kifupi cha siku 60, ambacho hakitungi bajeti mpya ya miaka miwili bali hurekebisha iliyopo.

Mgawanyiko wa madiwani wenyewe ni kizuizi kingine. Mwaka 2023 Bunge lilikuwa na muswada namba 1110, ambao hatimaye ulikuwa sheria na kuitaka miji yenye wakazi 75,000 au zaidi iruhusu nyumba nne katika kiwanja cha makazi kilichokuwa kimetengewa familia moja, na baadhi ya miji ya chini ya hapo iruhusu chache zaidi. Halmashauri nyingi ziligawanyika katikati, wengine wakiona dawa ya uhaba wa nyumba na wengine wakiona jimbo likiwapora mamlaka ya kupanga ardhi. Azimio lililopitishwa kwa kura nne dhidi ya tatu halina nguvu Olympia, kwa sababu wale watatu nao wana simu za wabunge. Katika hali hiyo ni afadhali mji uache kusema ndiyo au hapana na uombe marekebisho ambayo pande zote mbili zinayahitaji, kama vile muda wa kutosha wa kubadili kanuni na fedha za kuandaa mipango ya maji na maji taka. Jambo hilo huonekana dogo, lakini vifungu vya aina hiyo ndivyo vinavyoamua kama sheria itatekelezeka.

Kuhusu miradi, nitasema kwa ufupi. Bajeti ya maendeleo ya jimbo hutenga fedha kwa miradi ya mahali, na mbunge wa eneo ndiye anayeiombea. Kila eneo la uchaguzi lina seneta mmoja na wawakilishi wawili, na eneo moja linaweza kuwa na miji kadhaa inayoomba kwa watu haohao watatu. Mji unaoleta miradi sita bila kuipanga unamwachia mbunge achague, naye atachagua ulio rahisi.

Haya yote hujadiliwa hadharani, kwa kuwa sheria ya mikutano ya wazi ya mwaka 1971 inalazimisha hivyo, na mipaka mingine ya sheria inafaa wakazi waifahamu. Mji unaruhusiwa kuzungumza na wabunge kuhusu shughuli zake rasmi na lazima utoe taarifa kila robo mwaka kwa tume ya jimbo ya uwazi kuhusu fedha ulizotumia, lakini hauruhusiwi kutumia fedha za umma kuwahimiza wananchi wawapigie simu wabunge. Kwa hiyo usisubiri mji wako ukuite. Ndugu zetu wanaoishi katika miji ya Washington kama Kent, Tukwila au Federal Way, na ambao suala la pango linawagusa kila mwezi, wakumbuke kwamba kikomo cha ongezeko la pango kwa mwaka kilichotiwa saini na Gavana Bob Ferguson mwezi Mei 2025, cha asilimia 7 kujumlisha mfumuko wa bei au asilimia 10, ipi iwe ndogo, kilitoka Olympia, kwa kuwa halmashauri zao zilikuwa zimefungwa mikono tangu 1981.

Wakati wa kusikika ni Septemba na Oktoba, rasimu inapoletwa mbele ya halmashauri au kamati yake, kwa kuwa Desemba wabunge huanza kuwasilisha miswada kabla ya kikao na wakala huwa amekwisha kupanga atakutana na nani. Omba rasimu kwa karani wa mji, angalia jambo lako limewekwa tabaka gani, na ukitaka lipande, sema pia ni lipi lishuke. Kikao kikianza Januari, unaweza kutoa maoni yako mwenyewe mbele ya kamati kwa njia ya mtandao bila kwenda Olympia, mradi ujiandikishe saa moja kabla, na ujiandae kwa dakika moja au mbili.