Pini za Olimpiki: mng'aro si bei

Fungua droo ya mtu aliyewahi kusafiri na timu ya taifa, au kujitolea kwenye michezo mikubwa, na hukosi kukuta pini mbili tatu: vibeji vidogo vya chuma vyenye rangi, mgongoni sindano na kibanio. Swali huwa ni lilelile. Hii inafika shilingi ngapi? Na majibu mengi ya vijiweni hayana kichwa wala miguu.

"Ni ya zamani, basi ni ghali."

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukua Los Angeles 1984. Kubadilishana pini, mchezo ambao awali ulikuwa wa wanamichezo na viongozi wao, mwaka huo uliwapagawisha watazamaji. Wadhamini wakatoa pini kwa wingi, watu wakazinunua na kuzifungia kabatini wakiamini ni akiba ya uzeeni. Kwa kuwa kila mtu alitunza, leo bado zipo tele, nyingine hazijatolewa hata kwenye karatasi zake. Zina miaka zaidi ya 40 na nyingi utazipata kwa bei ya soda mbili tatu.

Kinachoadimika ni kile ambacho hakuna aliyefikiria kukitunza. Athens mwaka 1896, wanamichezo, waamuzi na viongozi walitambulishwa kwa beji za kadibodi za rangi tofauti. Kadibodi! Huyo ndiye babu wa pini zote hizi, wala hakuwa na hata chembe ya chuma.

"Imepakwa dhahabu."

Mara nyingi ni shaba nyekundu au ya njano, chuma au zinki, juu yake rangi ya dhahabu nyembamba kama pumzi. Ukiipeleka kwa sonara kwa uzito wake, hupati nauli ya kurudi.

"Nchi ndogo, pini isiyo na maana."

Kinyume kabisa, na hapa sisi Watanzania ndio tunaopunjwa. Pini ya timu hutoka kwa kamati ya Olimpiki ya nchi, ikagawiwa wanamichezo, makocha na viongozi. Paris 2024, Marekani ilipeleka wanamichezo karibu 600. Tanzania ilipeleka 7. Sasa fikiria mkusanyaji anayetaka pini ya kila nchi iliyoshiriki. Wamarekani atapishana nao kila kona ya kijiji cha wanamichezo, lakini Mtanzania itabidi amsake. Huniuma nikiwaza kijana wetu akitoa pini yake ya mwisho ili apewe ya kampuni ya vinywaji, eti kwa sababu ile ni kubwa na inawaka taa. Hata hivyo usivuke mpaka: kamati ikitengeneza maelfu kwa ajili ya kuuza, udogo wa nchi hausaidii kitu. Kwa hiyo uliza ilitolewa kwa nani.

"Mgongoni imeandikwa 500 tu."

Namba hiyo inakwambia zilitengenezwa ngapi. Haikwambii wanaozitaka ni wangapi. Pini 500 zinazotafutwa na watu 40 ni nyingi mno.

"Isugue kwanza."

Tafadhali. Ndimu na majivu ni dawa ya sinia la shaba la bibi. Kwenye pini vitakula ule mpako mwembamba na kufifisha rangi, na mkusanyaji mzoefu ataona mikwaruzo kabla hujamaliza kumsalimia. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

"Nimeiona mtandaoni dola 300."

Umeona bei anayoiota muuzaji. Tafuta zilizokwisha kuuzwa, pini ileile, mwaka uleule, hali ileile. Baadhi ya tovuti za mnada huruhusu kuchuja hivyo. Ukikuta tatu zimeuzwa dola 6 na moja inaombwa 300, hiyo moja itakaa hapo mpaka iote kutu.

"Tulibadilishana pini kwa pini, basi zinalingana."

Desturi hiyo imekolezwa sana na Disney, ambao tangu 1999 wafanyakazi wa bustani zao za burudani huvaa pini shingoni na kubadilishana na wageni, pini kwa pini. Ni utaratibu wa kurahisisha furaha ya watoto, si mizani ya bei. Tena huko ndiko pini bandia zimejaa. Geuza pini: kingo zina makovu? Rangi imebonyea, ina vitundu, au imemwagikia kwenye mstari wa chuma? Ni nyepesi kuliko mwenzake? Tia shaka. Mhuri wa mgongoni usikutulize, maana waigaji nao wanaunakili.

"Ilikuwa ya bingwa."

Moscow 1980 mwanariadha wetu Filbert Bayi alileta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mwenzake Suleiman Nyambui akaleta medali ya fedha ya mita 5,000. Medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili tu, kwa hiyo pini yoyote ya msafara ule ingegombewa. Lakini mtu akija na pini na hadithi peke yake, nitamlipa bei ya pini. Akija pia na picha ya babu akiwa ameivaa, kitambulisho chake cha michezo na barua ya safari, hapo tutaagiza chai na kuanza kuzungumza upya.