Elimu kwa Umma: Kuovakloki kadi ya grafiki ya laptopu bila kuiunguza

Maelezo haya yanamhusu mwenye kompyuta mpakato yenye kadi ya grafiki inayojitegemea, kama vile GeForce GTX 1650, RTX 3060 au RTX 4060, anayetaka fremu zaidi kwenye gemu bila kununua mashine nyingine. Kuovakloki ni kuifanya kadi iende kwa megahezi nyingi kuliko alizopanga mtengenezaji. Kwenye kompyuta ya mezani, yenye feni kubwa na nafasi ya kupumua, kazi hiyo ni nyepesi. Kwenye laptopu, kinachoibana kadi mara nyingi si megahezi bali ni wati na joto, na anayeongeza megahezi bila kulitambua hilo huishia kupata joto jipya na fremu zilezile.

Chukua RTX 3060 ya laptopu. NVIDIA, kampuni inayobuni kadi hizi, inawaruhusu watengenezaji wa laptopu kuipa kati ya wati 60 na wati 115, na mfumo wa Dynamic Boost unaweza kuiongezea hadi wati 15 kwa kuzipunguza upande wa prosesa. Ndiyo maana mashine mbili zenye stika ileile ya RTX 3060 zinaweza kupishana sana kwenye gemu moja. Kikomo hicho cha wati kimeandikwa ndani ya vBIOS, yaani programu ndogo ya kuiongoza kadi iliyohifadhiwa kwenye chipu yake. Ukifungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha mwendo wa kadi, kwenye laptopu nyingi utakuta kitelezi cha "Power Limit" kina rangi ya kijivu na hakisogei. Mtengenezaji amekufungia mlango huo, na kwa kawaida alikuwa na sababu: mabomba ya shaba, feni na chaja vilipimwa kwa wati hizo.

Tangulia kutarajia kiasi. Ovakloki nzuri ya laptopu huleta takriban asilimia 3 hadi 10. Gemu iliyokuwa ikienda kwa fremu 60 kwa sekunde ikipanda kwa asilimia 6 inafika 63 au 64. Gemu ya fremu 25 haitakuwa ya fremu 60 kwa njia hii; hapo punguza ubora wa vivuli na ukubwa wa picha, au tumia DLSS au FSR, njia za kuchora picha ndogo kisha kuikuza.

Jua kwanza kinachoibana

Pakua GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, fungua ukurasa wa "Sensors", kisha cheza gemu yako kwa dakika 20 na utazame mstari wa "PerfCap Reason". Ukiona Pwr, kadi imegonga kikomo cha wati. Thrm maana yake ni joto. VRel au VOp maana yake kadi imefika mwisho wa volti inazoruhusiwa, na huyu ndiye mwenye nafasi halisi ya kuongeza megahezi. Asiyetaka programu ya ziada afungue dirisha la amri la Windows na kuandika nvidia-smi -q -d PERFORMANCE gemu ikiwa inaendelea. Kikomo kinachofanya kazi wakati huo kitaandikwa "Active".

Tazama pia matumizi ya kadi kwa asilimia. Yakiwa chini ya 90 muda mwingi, na hujaweka kikomo cha fremu wala V-Sync (inayolinganisha fremu na mwendo wa skrini), kadi inamsubiri mwingine, kwa kawaida prosesa au RAM. Laptopu nyingi huuzwa na kijiti kimoja cha RAM, kwa hiyo data inapita njia moja badala ya mbili. Kuongeza kijiti cha pili chenye ukubwa na kasi sawa kunaweza kukupa zaidi ya ovakloki yoyote utakayofanya. Na kama chaja yako ni ya USB-C ya wati 65, iliyonunuliwa baada ya ile ya asili ya wati 180 au 230 kufa, tatizo lako ni chaja. Kwa betri peke yake usijaribu: mashine hushusha wati za kadi mara tu umeme unapokatika.

Vumbi na joto la chumba

Joto la kadi hujijenga juu ya joto la chumba. Kadi inayopanda nyuzi 50 juu ya hewa iliyoizunguka itasoma 70 kwenye chumba cha nyuzi 20 kule Njombe, na 82 kwenye chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam au Mombasa. Kadi nyingi za NVIDIA za laptopu huanza kujipunguza zikikaribia nyuzi 87, kwa hiyo mipangilio uliyonakili kwa mtu anayeishi kwenye baridi si lazima ikufae.

Safisha kabla ya kuovakloki. Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa na betri, kisha shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza vumbi. Vumbi baya ni lile lililojibana kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba. Halionekani kwa nje na halitoki kwa kupuliza juujuu. Halafu fungua HWiNFO64, programu ya kusoma vipima joto, ulinganishe joto la kawaida la kadi na lile la "Hot Spot", yaani sehemu yenye joto zaidi kwenye chipu, kama kadi yako inalionyesha. Tofauti ikizidi nyuzi 20, pasta ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na bamba la shaba, imekauka au imesukumwa pembeni. Fundi anayebadilisha pasta apime na unene wa pedi za joto zilizo juu ya RAM za kadi kabla ya kuzitupa. Akiweka ya milimita 1.5 pahali pa milimita 1, bamba la shaba halitaikalia chipu sawasawa, na joto litakuwa baya kuliko mwanzo.

Kuna jambo jingine la bure. Kwenye laptopu nyingi prosesa na kadi hushirikiana mabomba ya joto. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ukishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, turbo (mwendo wa ziada wa prosesa) huzimika na joto hushuka wazi, nayo kadi hupata nafasi. Gemu zinazoegemea prosesa zitapoteza fremu, kwa hiyo pima kabla na baada.

Kuongeza megahezi

MSI Afterburner ichukuliwe kwenye tovuti ya MSI au Guru3D tu. Mwaka 2022 kampuni ya usalama wa mtandao ya Cyble iliripoti tovuti bandia zilizosambaza Afterburner iliyofungwa pamoja na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali na nyingine ya kuiba nywila. Tangazo lililo juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji si ushahidi wa chochote.

Anza kwa kupima mashine ilivyo. Endesha Unigine Superposition au Heaven, programu za kupima nguvu ya kadi zenye toleo la bure, mara tatu mfululizo, na andika alama za mara ya tatu, mashine ikiwa imeshapata moto. Alama za mara ya kwanza zinadanganya kwa sababu kadi bado baridi.

Kisha ongeza "Core Clock" kwa +50, bonyeza alama ya vema, pima. Endelea kwa hatua za +15 au +25. Kadi za kizazi cha RTX husogea kwa ngazi za megahezi 15, kwa hiyo kuongeza +3 au +5 mara nyingi hakuleti kitu. Ikianguka, rudi nyuma kwa 30. RAM ya kadi fuata baadaye, peke yake, kwa hatua za +100. Ukizisogeza zote mbili pamoja hutajua ipi iliyoangusha gemu.

RAM ya kadi ina ujanja wake. Ikizidishwa sana inaonyesha vidoti, miraba ya rangi au pembetatu zinazorukaruka kwenye skrini. Lakini kabla ya kufika huko fremu zinaweza kuanza kushuka kimyakimya, kwa kuwa data yenye makosa hutumwa upya. Kwa hiyo tafuta pale alama zinapoacha kupanda. Kuvumilia bila kuanguka hakutoshi.

Kupunguza volti, njia inayoifaa laptopu zaidi

Umeme unaoliwa na chipu hufuata megahezi zikizidishwa kwa volti kipeo cha pili. Megahezi zilezile zikienda kwa milivolti 800 badala ya 875, mahitaji ya chipu hushuka kwa karibu asilimia 16: kazi iliyotaka wati 80 inataka kama 67. Kadi iliyokuwa imegonga kikomo cha wati sasa ina wati 13 za akiba, na inaweza kuzitumia kupanda. Hii ndiyo ovakloki ambayo tungemshauri mwenye laptopu aifikirie kwanza, na ndiyo ambayo video nyingi za mtandaoni huiruka.

Cheza gemu nzito kwa dakika 20 na uandike megahezi na milivolti zinazorudi mara kwa mara, tuseme megahezi 1,600 kwa milivolti 875. Bila kuiacha kadi ipoe, rudi Afterburner na ubonyeze Ctrl na F. Grafu itafunguka, milivolti chini, megahezi kando. Kwenye dirisha kuu shusha "Core Clock" hadi −200 au chini zaidi na ukubali, mpaka mstari wote uwe chini ya megahezi 1,600. Sasa tafuta nukta ya milivolti 800 kwenye grafu, ipandishe hadi megahezi 1,600, kisha bonyeza alama ya vema. Nukta zote za kulia zitalala kwenye kimo hichohicho, na kadi haitapanda volti zaidi ya hapo. Ikitulia, ipandishe nukta hiyo kwa megahezi 15, pima tena. Ikianguka, ongeza volti kwa nukta moja ya kulia.

Sababu ya kufanya hivi kadi ikiwa moto ni kwamba grafu yenyewe husogea na joto. Nukta uliyoiweka mashine ikiwa baridi unaweza kuikuta megahezi 15 au 30 pembeni ukiwa katikati ya gemu.

Ikianguka

Dalili ya "Core Clock" kuzidi ni skrini nyeusi kwa sekunde moja mbili, kisha gemu inajifunga. Windows huisubiri kadi kwa sekunde 2. Isipojibu, huiwasha upya draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na Windows. Katika "Event Viewer", daftari la matukio la Windows, utaona tukio namba 4101. Kuna wanaoshangaa kuona gemu inaangukia kwenye menyu au wakati wa kupakia ramani, si kwenye vita. Kitelezi cha "Core Clock" hupandisha grafu nzima, pamoja na nukta za volti ndogo ambazo kadi huzipitia inapopumzika na kuamka, na huko ndiko nukta dhaifu zilipo.

Usiweke tiki ya kuanzisha ovakloki pamoja na Windows mpaka gemu zako zote zimepita siku kadhaa bila kuanguka. Ukiwa umeshaiweka na mashine haifiki mwisho wa kuwaka, ingia kwa hali salama ya Windows, ambayo haitumii draiva ya NVIDIA, na uondoe Afterburner. Wenye programu ya vipimo ya 3DMark ya kulipia watumie jaribio la mkazo la Time Spy: mizunguko 20, na mashine hufaulu ikifika asilimia 97 ya uthabiti. Programu ya mkazo ya FurMark iache, inaitesa kadi kwa namna ambayo gemu haifanyi.

Mwezi Februari 2015 NVIDIA iliifunga ovakloki kwenye kadi za laptopu kwa draiva mpya, ikisema hazikubuniwa kwa kazi hiyo, kisha ikakubali kuifungua baada ya malalamiko ya wateja. Kufunguliwa huko hakukubadilisha masharti ya udhamini, kwa hiyo soma ya mashine yako kabla.

Na kuhusu kuandika upya vBIOS ili kupata wati zaidi: faili isiyo ya kadi yako inaweza kukuachia mashine isiyoonyesha kitu. Kuirudisha kunahitaji kufungua mashine, kifaa cha kuandikia chipu kama CH341A, na kwa chipu za volti 1.8, adapta ya kushusha volti. Bila adapta hiyo unaweza kuiunguza chipu unayotaka kuiokoa. Kama hukuweka nakala ya faili ya asili, ambayo GPU-Z mara nyingi huweza kuihifadhi, fundi hana pa kuanzia.