Kibarua naye ana haki ya kuandikishwa NSSF

"Sisi vibarua hatuhusiki na NSSF." Kauli hii kuhusu NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, husikika sana viwandani Dar es Salaam, iwe Chang'ombe, Ubungo au Barabara ya Nyerere, na cha kushangaza mara nyingi wanaoitoa ni vibarua wenyewe. Msimamizi kawaambia, wakaamini.

Si kweli. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kuwaandikisha wafanyakazi wake, awe anawalipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Na nani ni mfanyakazi? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka vigezo kadhaa. Kimoja tu kikitimia, unahesabiwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kimojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Mpakiaji wa saruji anazimaliza ndani ya wiki moja. Vigezo vingine ni kama kupangiwa kazi na muda wa kuifanya, kupewa vifaa, au kumtegemea mtu huyo kwa kipato chako. Karatasi uliyosaini ikiandikwa "kibarua wa siku" haifuti hayo.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na makato yako hayaruhusiwi kuzidi asilimia 10. Tuseme unalipwa shilingi 15,000 kwa siku na umefanya kazi siku 26: jumla 390,000. Unakatwa 39,000, mwajiri anaongeza 39,000 yake, zinaingia 78,000 kwa jina lako. Asiyeandikishwa anadhani ameokoa 39,000. Aliyeokoa ni bosi.

Wengi wanahofu kwamba wakihama kiwanda hela imepotea. Namba ya uanachama ni moja, unahama nayo. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, lakini si lazima miezi hiyo ifuatane wala itoke kwa mwajiri mmoja. Kwa hiyo hata ule mchezo wa kuwasimamisha watu kila baada ya miezi mitatu na kuwaita tena haufuti michango iliyokwisha kuingia. Kuna pia fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18 na kuachishwa kazi bila hiari yake.

Saidia fundi anayebadilisha saiti kila siku, leo Kigamboni kesho Goba, anaweza kujiandikisha mwenyewe kama aliyejiajiri.

Kuandikishwa tu hakutoshi. Wapo wanaokatwa kila mwezi na michango haifiki, ilhali mwajiri anatakiwa kuiwasilisha ndani ya mwezi unaofuata. Kagua taarifa zako mara kwa mara, usisubiri siku ya kudai mafao. Ukikuta pengo, nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe ukiwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na chochote kinachoonyesha ulikuwa kazini: kitambulisho cha getini, picha ya daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu. Hizo meseji msizifute, jamani.