"Haiingii maji": maana yake kwa anayebeba kamera kwenye kayaki

Muuzaji akikwambia "hii kamera haiingii maji", muulize: maji gani? Mimi sikuuliza. Nilinunua kamera ndogo kwenye duka moja mjini Kisumu, nikatoka nayo ufukwe wa Dunga asubuhi, Ziwa Victoria likiwa limelala, na kabla jua halijachoma lenzi ilikuwa imeshika ukungu kwa ndani, kama kioo cha matatu siku ya mvua. Haikuzama, wala haikuniponyoka. Kafi la kayaki lina bapa huku na huku. Moja likichota maji, lile lililoinuliwa linayateremsha kwenye mpini mpaka mapajani. Maji yale yakatuama kwenye kikalio, na kamera ikalala humo labda robo saa.

Nyumbani ndipo nikasoma boksi. Limeandikwa IPX4. Muuzaji hakuwa amedanganya, tatizo ni kwamba mimi na yeye tulikuwa tunazungumzia maji tofauti.

IP ni alama ya kiwango cha kimataifa, IEC 60529, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1976, kinachopima jinsi kifaa kinavyozuia vitu kupenya ndani. Baada ya herufi hizo hufuata tarakimu mbili. Ya kwanza, kuanzia 0 hadi 6, ni ya vumbi na vitu vigumu. Ya pili ni ya maji, na hiyo ndiyo ya mtu wa kayaki. Penye X, maana yake upande huo haukutajwa, usiihesabu kuwa sifuri.

Sasa hiyo tarakimu ya maji. 4 ni maji ya kurushiwa kutoka pande zote, yaani manyunyu. Kulala ndani ya dimbwi hakumo. 5 na 6 ni maji ya kupigwa kwa mpira, kama wa kuoshea gari, 6 ikiwa na nguvu zaidi. 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. 8 ni kuzamishwa katika hali ngumu kuliko hiyo, lakini kina na muda hutajwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo simu mbili zenye IP68 huenda hazilingani hata kidogo. Soma maandishi madogo.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui. Mpaka 6, tarakimu kubwa hubeba ndogo zilizo chini yake. Kuanzia 7 mambo hubadilika: kifaa kilichofaulu kuzamishwa si lazima kiwe kimepimwa kwa maji yanayokuja kwa kasi. Maji ya maabara yametulia. Wimbi la mchana linalopiga ubavu wa kayaki halijatulia. Ndiyo maana vifaa vingine huandikwa alama mbili pamoja, moja ya mpira na moja ya kuzamishwa.

Tena vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na kifaa kikiwa kipya. Kwa maji tu, sisi wa Ziwa Victoria tuna nafuu kuliko watu wa Mombasa. Ndugu zetu wa Nakuru wakumbuke kwamba Naivasha ni maji matamu, ila ukipiga picha kando ya Ziwa Nakuru au Elementaita, yale ni magadi. Kamera ikirushiwa, isuuze kwa maji safi kabla hayajakauka.

Kamera zilizotengenezwa hasa kwa kazi ya majini hutaja mita. Olympus TG-6 ya mwaka 2019 ni mita 15. GoPro Hero5 ya 2016 ni mita 10 bila kasha. Nilipopata ya namna hiyo nilimwonyesha mzee mmoja mvuvi pale ufukweni, nikajisifu kuhusu zile mita. Akaigeuza mkononi, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, inajua kuogelea?"

Haijui. Kamera hizi huzama kama jiwe, na maji ya Ghuba ya Winam, upande wetu wa ziwa, ni mazito kwa mwani na tope. Ikishakuponyoka huioni tena, hata ikibaki nzima huko chini. Kwa hiyo kabla ya kuongeza pesa kwa ajili ya mita, nunua mkanda wa kuelea. Uujaribu nyumbani kwenye karai la kina: fungia kamera, tumbukiza, tazama. Mikanda mingine hutosha simu tu.

Mwili uliozibwa hivyo una gharama yake. Lenzi haichomozi nje, imejikunja ndani, kwa hiyo haivuti mbali. TG-6 huvuta mara 4 tu. Kiboko ukimpiga kutoka umbali wa mtu mwenye akili, anatoka kama gogo jeusi, na furukombe juu ya mti anakuwa nukta. Anayetaka ndege wa kwenye mafunjo atahitaji kamera kubwa, aiweke ndani ya mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, na aitoe asubuhi tu kabla upepo wa ziwa haujaamka. Mimi nimeridhika na ile ndogo. Simu yenye IP68 siitumii ziwani: skrini ya kugusa ikilowa, matone yanabonyeza yenyewe huku kidole chako kikipuuzwa. Ziwani nataka vitufe.

Kinachobaki ni kijimlango cha betri. Kina mpira mwembamba wa kuziba, na kinga yote imekaa hapo. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuifuta. Chaji na weka kadi ukiwa nchi kavu, futa mpira, funga, usifungue tena mpaka urudi. Mpira huo huchakaa hata kamera ikikaa kabatini. Kwa hiyo ukiletewa ya mtumba, alama ya kwenye boksi inaeleza kamera ilivyokuwa siku inatoka kiwandani. Omba ufungue kijimlango. Mpira ukiwa umepasuka, au ukikuta kutu ya kijani kwenye vituo vya betri, hiyo nunua kwa bei ya kamera ya nchi kavu.