Njia tatu kwenye ramani, mtaro mmoja Buhongwa

Swali ninaloulizwa sana hapa Mwanza kwenye kazi hii ya kupanga mitandao ni tuache akiba kiasi gani, yaani nafasi tupu kwenye kebo, ili faiba ikikatwa watu wasizimikiwe mtandao. Wanataka asilimia. Mimi nauliza kwanza, mna njia ngapi za kutoka mjini?

Chukua trafiki, yaani data inayopita, ya gigabiti 60 kwa sekunde. Njia 2, kila moja inabeba 30, moja ikikatwa mwenzake anapokea 30 zote, yaani akiba ni sawa na mzigo wenyewe, asilimia 100. Njia 3, kila moja 20, ikikatwa moja zile 20 zinagawanywa 10 kwa 10, akiba imeshuka mpaka asilimia 50. Njia 4 inakuwa kama 33 hivi. Inashuka kwa sababu akiba ileile inalinda njia yoyote itakayokatika, ni kama kikundi cha kufa na kuzikana, mfuko mmoja unatosha kaya nyingi maana misiba haibishi hodi kila nyumba siku moja.

Sasa kuna mradi niliokuta ramani safi kabisa, njia za kwenda Musoma, Shinyanga, Geita, rangi tatu. Eskaveta ikachimba Buhongwa, zikafa mbili kwa mpigo! Barabara ya Shinyanga na ya Geita zinaachana Usagara, kabla ya hapo ni moja inayopita Buhongwa, na kebo zote mbili zililala mtaro mmoja. Kwa hesabu yetu ya juu 40 zimekatika na Musoma ina nafasi ya 10 tu, kwa hiyo 30 hazina pa kupita, nusu ya trafiki yote.

Ndo maana siku hizi nazipanga kebo kwa makundi, kufuata mtaro, daraja na umeme zinaotumia pamoja, kundi zima nalikata kwenye hesabu kama kitu kimoja. Hapo Musoma inadai akiba ya 40, zile mbili 10 kila moja, jumla 60, umerudi asilimia 100 kana kwamba una njia mbili tu, na ile ya tatu umeilipia!

Kuna anayesema tupitishe kebo moja barabara ya Usagara–Kisesa. Sawa, lakini kuanzia Kisesa kuingia mjini unakutana na ile ya Musoma, umehamisha tatizo tu. Mimi napendekeza mtaro wa pili upande mwingine wa barabara mpaka Usagara, mbali na wa kwanza, na wakati hela inatafutwa, maikrowevu, yaani mawimbi ya mnara kwa mnara bila kebo, kutoka kilimani ibebe kwanza simu za dharura, hospitali na miamala ya pesa.