Uthibitisho wa von Neumann haukuthibitisha mnachosema

Nimekutana nayo tena: "hisabati ilishathibitisha" kwamba nadharia ya kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama elektroni, haiwezi kuwa na vigezo fiche, yaani sifa zilizofichika zinazoamua mapema jibu la kila kipimo. Jamani, haikuthibitisha hivyo!

Mwaka 1927, kwenye mkutano wa Solvay mjini Brussels, mwanafizikia Louis de Broglie alipendekeza nadharia ya aina hiyo: chembe inayoongozwa na wimbi. Wazo likaachwa. Mwaka 1932 mwanahisabati John von Neumann akatoa kitabu chake cha misingi ya kihisabati ya kwanta, chenye uthibitisho dhidi ya vigezo fiche, na wengi wakaona mjadala umekwisha.

Haya, tuukague uthibitisho huo. Von Neumann alishika sharti hili: wastani wa jumla ya vipimo viwili ni jumla ya wastani wa kila kimoja. Kwa hali za kwanta, sawa kabisa. Lakini alilidai pia kwa hali fiche, yaani zenye vigezo fiche, ambamo kila kipimo kina jibu moja lisiloyumba. Chukua spini ya elektroni, sifa yake inayopimwa kwa sumaku. Kwenye mhimili wa x jibu ni +1 au −1. Kwenye y vilevile. Ukijumlisha unapata 2, 0 au −2. Ila kipimo cha jumla hiyo, ambacho hufanywa kwa kuielekeza sumaku nyuzi 45 katikati ya mihimili hiyo, hutoa √2 au −√2 tu. Hazilingani kamwe. Je, hali fiche zimekufa? La, sharti ndilo lililokufa! Vipimo hivyo vitatu havifanyiki kwa pamoja. Kila kimoja kinadai sumaku ikae kivyake. Nani alisema majibu yake lazima yajumlishike moja kwa moja?

Mwanahisabati na mwanafalsafa Grete Hermann aliyaandika haya mwaka 1935, hakusikilizwa. Mwaka 1952 mwanafizikia David Bohm akaujenga mfumo wa vigezo fiche, uleule uliosemwa hauwezekani. Mwanafizikia John Bell akalianika kosa la von Neumann katika makala iliyotoka 1966.

Wala msinijibu kwamba Bell mwenyewe alivikataza vigezo fiche mwaka 1964. Alikataza nadharia ambazo kipimo cha mbali hakigusi kitu papo hapo. Katika mfumo wa Bohm kinagusa.

Kinachonisumbua ni von Neumann mwenyewe. Mwaka 2010 mwanafalsafa wa fizikia Jeffrey Bub alitetea kwamba tunamsoma vibaya: hakukataza kila aina ya vigezo fiche. Nikiufuata uthibitisho hatua kwa hatua, nashawishika. Nikifika kwenye hitimisho lake, nasita. Sijaamua.

Anayetaka kumkataa Bohm ana pingamizi zito mkononi: mguso huo wa papo hapo unakaa vibaya na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, ambayo hairuhusu athari kusafiri kwa kasi kuliko mwanga. Aanzie hapo, auache uthibitisho wa 1932.